Je, Mvinyo Unahitaji Kupumua?

Shangazi yangu ana ekari moja na nusu ya zabibu huko Hombolo. Mwezi wa nane, msimu mkubwa wa mavuno unapofika, jua linachomoza yeye yuko shambani zamani. Zabibu huvunwa alfajiri na asubuhi, maana ikishafika saa nne jua la Dodoma huanza kuzipika zikiwa ndani ya kreti. Mwaka jana nilikwenda kumsaidia. Alinipa mkasi, akanionyesha pa kukata, kisha akachuma punje moja nyeusi akanipa.

"Temea kando nyama yake, mwanangu. Tafuna ganda peke yake."

Nikatafuna. Utamu ulipita upesi, halafu ulimi ukashikwa, mashavu yakavutwa kwa ndani kama ya mtu aliyeuma bibo. Shangazi akanitazama usoni kuhakikisha yamenifika. "Huo ukakasi," akasema, "ndio wanaoutafuta kiwandani."

Tangu siku ile sijaweza kunywa mvinyo mwekundu bila kukumbuka lile ganda. Nimeanza nalo kwa sababu swali ninalotaka kulijibu linaanzia pale pale: je, sisi tunaokunywa mvinyo mara moja moja, chupa ya Jumamosi au ya sikukuu, tuna sababu ya kuhangaika kuuacha "upumue" kabla ya kuunywa? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu watu waanze kuona kwangu ile chupa pana ya kioo, yenye shingo nyembamba na tumbo kama la bata, ambayo shemeji yangu alinibebea kutoka Italia. Wengine wameona kile kidude cha kuchomeka mdomoni mwa chupa, kinachovuta hewa mvinyo ukiwa unamiminika. Vyote viwili nimevitumia. Nimevitumia kwa bidii, kwa karibu miaka miwili, nikiamini.

Hoja yenyewe ni hii. Mvinyo umefungiwa kwenye chupa kwa miezi au miaka, karibu bila hewa. Ukiufungua na kuupa nafasi ya kukutana na oksijeni, ukakasi unalainika na harufu zake zinafunguka. Ndiyo maana utamkuta mwenyeji amezibua chupa saa nane mchana kwa ajili ya chakula cha saa mbili usiku, akaiacha mezani imesimama wima, akiamini anawafanyia wageni wema.

Kuhusu hiyo ya kuzibua na kuacha, niseme mara moja: haisaidii kitu. Pima mwenyewe. Shingo ya chupa kwa ndani ina kipenyo cha sentimita 1.8 hivi. Eneo la mvinyo linaloiona hewa hapo ni kama sentimita 2.5 za mraba, upana wa ukucha wa kidole gumba. Mimina mvinyo huo huo kwenye glasi pana yenye tumbo la sentimita 8, eneo linakuwa sentimita 50 za mraba. Ni mara ishirini, tena kwa kiasi kidogo cha mvinyo. Chupa inaweza kukaa wazi mchana kutwa na mvinyo ulio chini ya shingo usijue kama kizibo kimetoka. Glasi moja, iliyotikiswa kwa mzunguko mara tano sita, inafanya kazi kuliko masaa sita ya chupa iliyozibuliwa.

Ile chupa pana je? Ile inafanya kazi kweli, kwa maana ya kuingiza hewa. Tumbo lake ni pana, na mvinyo unachuruzika kwenye kuta zake. Lita moja ya mvinyo iliyoshiba hewa kwa joto la kawaida hubeba oksijeni ya miligramu 8 hivi, na kule kumimina peke yake kunaingiza sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kwa hiyo sibishi kwamba hewa inaingia. Ninachouliza ni kwamba ikishaingia inafanya nini katika nusu saa au saa moja tunayoipa.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunaamini inakula ukakasi. Ukakasi huo unatokana na tanini, zilizomo kwenye ganda, mbegu na vikonyo vya zabibu. Zikifika mdomoni zinang'ang'ania protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi. Chai ya rangi iliyochemka mno hufanya hivyo hivyo, na ndizi mbichi, na bibo. Oksijeni ni kweli hubadilisha tanini, lakini ni kazi ya taratibu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Madiran, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mtengenezaji aitwaye Patrick Ducournau alibuni njia ya kupenyeza viputo vidogo vidogo vya oksijeni ndani ya matangi ya mvinyo, kwa sababu zabibu za kwao, Tannat, zina ukakasi mkali kupindukia. Njia hiyo imeenea duniani. Lakini hupimwa kwa miligramu chache kwa lita kwa mwezi, na huendelea kwa wiki na miezi. Mtu aliyetumia mitambo kulainisha tanini amehitaji miezi, sasa mimi na jagi langu la kioo tuna dakika arobaini.

Kinachobadilika kwa dakika hizo ni harufu. Mvinyo uliotoka kufunguliwa unaweza kuwa na harufu ya salfa, inayochoma pua kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, kwa sababu watengenezaji hutia salfa kidogo kuuhifadhi. Hiyo hupeperuka. Pombe kidogo nayo hupeperuka. Lakini na harufu nzuri hupeperuka pia, ile ya matunda, ya maua, ambayo mkulima na mtengenezaji wamehangaika kuifungia humo. Hewa haina ubaguzi. Haichukui mbaya ikaacha nzuri. Émile Peynaud, mtaalamu wa Bordeaux aliyewafundisha watengenezaji wengi wa Ufaransa mbinu za kisasa na aliyefariki mwaka 2004, alishikilia msimamo huo maisha yake yote: mimina kwenye chombo kingine tu kama chupa ina mashapo, na ufanye hivyo muda mfupi kabla ya kunywa, maana hewa ya muda mrefu hupoteza manukato.

Wapo walio upande mwingine kabisa. Nathan Myhrvold, Mmarekani aliyewahi kuwa mkuu wa teknolojia wa Microsoft kabla ya kugeukia sayansi ya mapishi, mwaka 2011 alipendekeza mvinyo mwekundu utiwe kwenye blenda na kusagwa kwa nusu dakika hadi dakika moja. Nimejaribu. Povu jekundu lilipanda juu, likatulia, tukanywa. Mvinyo mdogo, mkali, haukuharibika, lakini sikuweza kusema kwa moyo wangu wote kwamba umekuwa bora.

Na hapo ndipo tatizo langu lilipokuwa: "kwa moyo wangu wote". Kwa miaka miwili nilikuwa nikimimina, nikisubiri, nikionja, nikisema, "Naam, umelainika." Nilikuwa najua nimeuachia muda. Nilikuwa nimesubiri. Mtu aliyesubiri saa nzima mdomo wake unataka kulipwa.

Mke wangu ni fundi sanifu wa maabara, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba kama nataka kujua, nijifunge macho. Hakuwa na maana ya kitambaa. Akanieleza njia ya glasi tatu: mbili zina mvinyo ule ule, moja ina mwingine, na mwonjaji anaambiwa achague iliyo tofauti. Asipojua kabisa, akabahatisha tu, atapata mara moja katika kila tatu. Kwa hiyo katika watu sita, wawili watapatia kwa bahati tupu.

Tulifanya Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwetu Ipagala. Tulikuwa sita: majirani wawili, shemeji, mdogo wangu, mfanyakazi mwenzangu mmoja, na mimi. Chupa mbili za mvinyo mwekundu mkavu wa Makutupora, aina ya zabibu nyekundu ya hapa Dodoma, za mwaka mmoja, kutoka kreti moja. Moja mke wangu aliimimina kwenye ile chupa pana masaa mawili kabla na kuiweka mezani karibu na dirisha. Ya pili aliifungua wakati ule ule wa kuonja. Yeye alimimina jikoni, akatuletea kwenye sinia, glasi zimebandikwa namba kwa chini.

Watano kati ya sita tulipatia. Nilifurahi. Nilianza hata kupanga nitakavyoandika, kwamba sasa imethibitika. Jirani mmoja alisema ule wa tofauti "unapanda kichwani", mwingine akasema una joto ndani yake kama konyagi. Mke wangu alisikia neno "joto", akaenda jikoni, akarudi na kipimajoto. Mvinyo uliokaa dirishani ulisoma nyuzi 28. Ule uliofunguliwa punde ulikuwa umelala kwenye kabati la chini, juu ya sakafu ya vigae, ukasoma 23.

"Hamkuonja hewa," akasema. "Mmeonja joto."

Wiki iliyofuata tulirudia, watu wale wale, chupa mbili nyingine za kreti ile ile. Safari hii, baada ya masaa mawili ya kupumua, vyombo vyote viwili vilizamishwa kwenye ndoo moja ya maji yenye barafu mpaka kila kimoja kikasoma 18. Sinia ikaja. Tulinusa, tukaonja, tukarudia, tukanyamaza muda mrefu. Wawili walipatia. Idadi ile ile ambayo bahati tupu ingetupa. Mimi nilikosa, na nilikosa nikiwa na uhakika.

Watu sita sebuleni si utafiti, na mwonjaji aliyefunzwa miaka kumi angeweza kutushinda wote. Lakini swali langu halikuwa la waonjaji waliofunzwa. Lilikuwa la watu kama sisi, na sisi ndio tuliokuwa pale. Halafu mke wangu akaongeza jambo moja ambalo hakututangazia. Alipomaliza, alitupa kila mmoja glasi mbili, mvinyo wa chupa moja, moja ikiwa na nyuzi 29 na nyingine 17, akasema tunywe tu na tuendelee na mazungumzo. Mbuzi alikuwa ameshatoka jikoni, hakuna aliyekuwa akifikiria majaribio tena. Baada ya robo saa akatuonyesha meza. Glasi sita za baridi zilikuwa tupu. Zile za moto, tatu zilikuwa zimeguswa na kuachwa, tatu zimejaa kama zilivyoletwa.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani tunapoteza fedha kwenye hewa wakati mvinyo wetu unateseka kwa joto. Tumesoma kwenye makaratasi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa "joto la chumba". Chumba kipi? Neno hilo limetoka kwenye nyumba za Ulaya za zamani, zenye kuta za mawe, kabla hazijawekewa mitambo ya kupasha joto, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dodoma mwezi wa kumi na moja ina 29. Ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, usiniulize. Kwa joto hilo pombe inaruka kwanza, inafunika harufu zote nyingine, na kinywaji kinachoma koo. Mtu anaonja, anakunja uso, anasema mvinyo wa Dodoma ni mkali, haufai, afadhali wa nje. Wa nje nao, kwa nyuzi 29, ungemkunja uso vile vile.

Kosa la upande wa pili ni la baa zetu: mwekundu unatolewa kwenye friji pamoja na bia, una nyuzi 4 au 5, umeganda harufu yote. Baridi kali pia huuchochea ukakasi; ule mvinyo mkavu unakuwa kama umetafuna ganda la shangazi. Hapo mteja anaongeza soda, na simlaumu.

Nimepima kwa kipimajoto cha nyumbani, na hesabu yangu haifanani na ile ya nusu saa kwenye friji ambayo watu huisema. Hiyo nusu saa ni ya nchi ambako chupa inaanza ikiwa na nyuzi 20. Chupa yenye nyuzi 29, kwenye friji ya kawaida, inachukua karibu saa moja na nusu kufika 17. Kwenye ndoo ya maji yaliyochanganywa na barafu inachukua dakika 10 hadi 15. Lazima kuwe na maji, si barafu tupu, kwa sababu maji ndiyo yanayoishika chupa kila upande. Mweupe, kama ule wa zabibu za Chenin Blanc zinazolimwa sana hapa kwetu, uache ufike nyuzi 8 au 10. Huo kwa hewa hata usijisumbue: mweupe huchachushwa bila maganda, tanini zake ni kidogo mno, na harufu yake ya matunda ndiyo ya kwanza kukimbia.

Jambo la pili ni glasi. Kwetu mwenyeji mkarimu hujaza. Ukimpa mgeni glasi iliyofika theluthi moja, anaweza kudhani umembania, na nimewahi kuona mzee akiitazama glasi yake kwa huzuni, akisubiri nimalizie kumimina. Lakini mvinyo uliojaa mpaka ukingoni hauna pa kutikisikia, na pua haina pa kuingia. Ile nafasi tupu juu ya mvinyo ndiyo inayokusanya harufu. Siku hizi namwambia mgeni mapema, "Nitakuongeza mara nyingi utakavyo," nami namwongeza kweli, na chupa naiweka upande wake wa meza. Glasi ya theluthi moja, pana tumboni na iliyobana kidogo mdomoni, ikizungushwa taratibu, tayari imeshaupa mvinyo hewa yote ambayo mnywaji wa kawaida ataweza kuihisi. Glasi ya aina hiyo ni ya bei ndogo kuliko vidude vyote hivyo.

Na jambo la tatu ni chakula. Nimesema tanini hung'ang'ania protini za mate. Zikikuta protini na mafuta ya nyama mdomoni, zinashikana nazo badala ya kukushika wewe ulimi. Mvinyo uliokuwa na ukakasi kabla ya chakula unakuwa mpole ukifuatana na mbuzi wa kuchoma, dakika hiyo hiyo, bila kusubiri. Jaribu: funda moja kabla, funda moja baada ya kipande chenye mafuta. Nimewaonyesha wengi, na kila mmoja hufungua macho. Ukakasi uliotaka kuupa saa nzima ya hewa unamalizwa na mshikaki.

Siwezi kusema hewa haina kazi kamwe. Zipo chupa ambazo nimeziokoa nayo. Mwaka juzi nilifungua mwekundu mmoja ukanuka yai viza, harufu iliyojaza jikoni mpaka mtoto akauliza kama gesi inavuja. Hiyo hutokana na hamira: wakati wa kuchacha, ikikosa naitrojeni ya kutosha, hutoa haidrojeni salfaidi, na ikifungiwa kwenye chupa isiyopitisha hewa hubaki humo. Mvinyo wenyewe haujaoza. Niliumimina kwenye jagi kutoka juu, kama muuza chai anavyoipooza chai kwa kuipokezana vikombe viwili, mara tatu, nne, na harufu ikapungua sana. Iliyobaki niliimaliza kwa kipande cha waya wa shaba, nimeumenya plastiki yake na kuusugua kwa limao na chumvi mpaka ukang'aa. Nilikoroga nao glasi kwa nusu dakika nikautoa. Shaba hushikana na ile salfa. Waya ulitoka umefifia, na harufu ya matunda meusi ikajitokeza kama mtu aliyefunguliwa mlango. Hapo kweli nilimimina, nikakoroga, na kila aliyekuwepo alikiri.

Chupa zenye mashapo nazo ni kesi yake. Ile chupa ya tumbo pana asili yake ni huko: zamani mivinyo haikuchujwa vizuri, na mwekundu uliozeeka bado huangusha mashapo chini, kama mivinyo ya Porto, ya Ureno, ya miaka mingi inavyofanya hadi leo. Unaisimamisha chupa siku nzima, kisha unamimina polepole kwenye chombo kingine, mwanga ukiwa nyuma ya shingo, na unasimama mara uonapo wingu la kwanza. Kazi hiyo ni ya kuchuja. Hewa inaingia tu kwa sababu haikwepeki.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Pamoja na ile chupa pana, shemeji aliniletea mvinyo mmoja wa Piemonte wa mwaka 1996, aliopewa na familia aliyokuwa akiishi nayo alipokuwa masomoni. Waliutunza kwenye ghala la chini ya nyumba tangu yeye yuko shule ya msingi. Niliuweka kwa ajili ya siku baba yangu alipotimiza miaka sabini. Siku hiyo nilimimina saa kumi na moja jioni, kwa heshima zote, kwenye ile chupa pana, ili uwe tayari saa mbili. Nilipomimina nilinusa kidogo: maua yaliyokauka, ngozi, kitu kama tumbaku tamu. Nikasema usiku tutafaidi. Saa mbili nilipompa baba glasi, harufu ile haikuwepo. Kilichobaki kilikuwa kioevu chembamba, chenye uchachu, chenye rangi ya matofali. Baba alikunywa akasema asante, mwanangu. Shemeji alinusa glasi yake, akaniangalia, hakusema neno. Mvinyo mkongwe una harufu chache, nyepesi, na masaa matatu ya hewa yalikuwa yamezichukua zote. Kama ningefungua chupa ile mezani, baba angeyanusa yale maua. Kama una chupa ya zamani, ya urithi au ya zawadi, tafadhali ifungue mbele ya watu wako, imimine, inyweni.

Ukiacha zile chupa zenye harufu ya yai viza, mvinyo mchanga, mzito, wa mwaka mmoja au miwili, ndio ambao muda unaweza kuusaidia, na muda wake ni usiku mzima. Sisi wa kawaida mara nyingi hatumalizi chupa. Irudishie kizibo, iweke kwenye friji, na kesho yake utakuta mwekundu wa zabibu za Syrah au za Makutupora umetulia kuliko jana. Siku ya pili ni nzuri, ya tatu bado inanyweka, na baada ya hapo unaanza safari ya kuelekea siki, kama tembo la mnazi linavyofanya, ila wenyewe unatembea polepole. Bakteria wa siki wanahitaji hewa hiyo hiyo tunayoisifia. Kama unajua mapema kwamba utakunywa nusu, jaza nusu nyingine kwenye chupa ndogo safi mpaka juu kabisa, ufunge, na hewa haitapata pa kukaa. Kwa hiyo mnywaji wa chupa moja kwa siku tatu ameshaupumulisha mvinyo wake kuliko mwenye vidude vyote.

Mwezi wa tisa nilirudi Hombolo na chupa mbili. Shangazi analima zabibu tangu mimi mdogo, anauza kiwandani, na maisha yake yote mvinyo alioujua ni wa padri altareni. Ni wamisionari wa Kiitaliano walioleta mizabibu Bihawana miaka ya 1950, na kwa watu wa rika lake kinywaji hicho bado kina harufu ya kanisa. Nilitaka aonje kinachotoka kwenye ganda alilonitafunisha. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji ya dukani ina joto kama ya nje, na barafu hakuna. Nilikuwa nimebeba kipimajoto. Chupa ilisoma 27.

"Unataka ipoe?" akaniuliza. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha khanga kuukuu, akakichovya kwenye ndoo, akaizungushia chupa mara mbili na kuifunga fundo shingoni. Akaitundika kwenye tawi la mwarobaini, upande unaopigwa na upepo. Kila baada ya muda alikuwa anainuka, anainyunyizia maji kwa kata, anarudi kuketi. Dodoma mwezi wa tisa hewa imekauka kabisa. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto la chupa. Jua likashuka. Baada ya saa moja na nusu nikaifungua, nikatumbukiza kipimajoto: 19.

Glasi hazikuwepo. Tulinywea bilauri zake za kioo, zile za chai, nikamimina theluthi moja. Aliitazama, akanitazama mimi.

"Nitakuongeza, Shangazi. Zungusha kwanza, unuse."

Akazungusha, taratibu, kama anavyochekecha mtama kwenye ungo. Akanusa. Akanyamaza. Akanusa tena, akaonja, akaushikilia mdomoni, na nikaona mashavu yake yakivutwa kidogo kwa ndani.

"Hili," akasema, "ni lile ganda."

Akasogeza bilauri yake niongeze.